Barua ya wazi kwa wakurugenzi, wanabodi na madona: furaha nayo iwekeni kwenye bajeti

Wakubwa zangu,

Salamu kwanza. Walionizidi umri shikamooni, mlio rika langu mambo. Naandika hii saa sita usiku niko Mombasa, nimekaa kwa mkeka na simu ya dharura iko hapa kando ya goti, ile kabambe ya mabatani ambayo karibu kila transjenda wa huku ana namba yake, na kabla sijaenda mbali niwaambie sina ugomvi na mtu, wengi wenu mmetutoa mbali na mimi si mtu wa kusahau fadhila. Lakini kuna maneno tunaongea wenyewe jikoni kila siku, alafu tukifika mbele yenu tunayameza tunasema "tuko sawa bosi". Mwomba chumvi huombea chungu chake, basi leo naombea chungu chetu: sisi tunaofanya kazi za haki chini ya mashirika yenu nasi tupumzike, tena tufurahi.

Mimi ni mwanamke transjenda, yani nilipozaliwa niliandikwa mvulana lakini mimi ni mwanamke. Kazi yangu ni mwelimishaji rika na msaidizi wa sheria, japo kwa makaratasi yenu naitwa voluntia. Huu mwaka wa saba. Mtu akishikwa naenda kituoni kuongea na OCS, yule mkuu wa kituo cha polisi, mtu akifukuzwa na landilodi namtafutia pa kulala, mtu akiogopa kliniki namsindikiza nakaa naye kwa foleni ili wakiita jina la kitambulisho kwa sauti na watu wote wageuke, wageukie watu wawili badala ya mmoja. Ijumaa naandika ripoti. Naipenda hii kazi, nisieleweke vibaya.

Sasa wacha niwaambie ya ile wokshopu.

Shirika moja, silitaji, lilituita hotelini siku nne kufundishwa kujitunza. Selfukea. Nilifurahi mimi, nikabeba na leso ya kuogelea. Tukafika tukakuta ratiba inaanza saa mbili asubuhi inaisha saa kumi na mbili jioni, na baada ya chakula cha usiku kuna kazi ya makundi. Ile bahari tuliiona kwa dirisha. Mwalimu alikua mtu mzuri tu, alitwambia tufunge macho, tuvute pumzi tuhesabu mpaka nne, tuachie, na mimi nikavuta kweli, alafu nikafungua macho nikaletewa rejista ya kusaini. Inataka jina la kitambulisho. Nikamwambia dada wa rejista mimi natumia jina hili, hata beji yangu mmeandika hili, akaniangalia kwa huruma akasema najua mpenzi lakini fainansi hawatoi nauli kama jina halifanani na la simu. Asubuhi na mchana, siku nne. Kwa hivo kwenye wokshopu ya kujitunza nimeandika mara nane, kwa mkono wangu mwenyewe, jina ambalo nimetumia miaka yangu yote ya utu uzima kulikimbia. Mwisho wakatupa fomu ya kutathmini, nikaweka tiki kwenye "nimeridhika sana", manake nauli ilikua bado haijatumwa.

Nafahamu fainansi nao wana mkaguzi. Lakini hebu angalieni hilo jina linatufata mpaka wapi. Mwenzetu Audrey Mbugua alipelekana mahakamani na baraza la mitihani, na mwezi wa Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikaamuru apewe cheti kipya cha jina lake na kisiwe na alama ya jinsia. Tulilia siku hiyo, tulicheza. Imepita zaidi ya miaka kumi na mtu wa kawaida bado anabadilisha jina kwa kiapo, analipia, linachapishwa kwenye gazeti la serikali, na pale kwenye jinsia panabaki vilevile. Na wengi hata hiyo hela ya kiapo hawana. Kwa hivo ukinunua mahamri ya shilingi arubaini ukalipa kwa simu, mama anaangalia meseji, anakuangalia usoni, anaangalia meseji tena. Wengine wanacheka tu wanakuongezea la bure. Wengine wanaita jirani aje aone. Wewe hujui leo ni yupi mpaka meseji iingie. Hii ni kabla ya saa moja asubuhi, kazi yenyewe hujaanza.

Basi mkituambia tujitunze mjue tunachoshwa na nini.

Kuna kile kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha kuorodhesha magonjwa, toleo la kumi na moja, lilipitishwa Geneva Mei 2019 na likaanza kutumika Januari 2022. Sisi tunakipenda kile kitabu wallahi, ndo kilichotutoa kwenye orodha ya magonjwa ya akili, tumekitaja kwa madaktari, kwa wazazi, kwa kila mtu aliyetuambia tukaombewe. Sasa kitabu hichohicho ukienda mbele kinataja uchovu wa kazi, na kinasema unatokana na presha ya kazini ya mda mrefu ambayo haikushughulikiwa. Ya kazini. Hakijasema ni mtu legelege, wala hakikuuweka na magonjwa. Na kinataja mambo matatu, mwili kuishiwa nguvu, moyo kuikimbia kazi au kuidharau, na kazi yenyewe kuanza kuharibika mkononi. Nyinyi mmesoma ule ukurasa wa kwanza mkaufanyia na mabango. Huu wa pili nani atausoma?

Mimi nilipata yote matatu, kwa mpangilio uleule.

Ilikua 2023. Mnaukumbuka ule mwaka, tarehe 24 Februari Mahakama ya Juu ilisema serikali haikua na haki ya kuwanyima wenzetu mashoga na wasagaji kusajili shirika lao, majaji watatu kwa wawili, na nyinyi mlituma pongezi, na kwa kweli ulikua ushindi. Ila ushindi ulitangazwa Nairobi, na gharama yake ikaja kulipwa mitaani, redioni matusi, misikitini na makanisani matusi, mswada wa kulinda familia ukaanza kuzungumzwa, na hii kabambe ikawa hailali. Nilikua naishika peke yangu, usiku na mchana, manake bajeti ilikua na mstari mmoja wa simu na mtu mmoja. Nikafika mahali nikiwa kwa matatu na mtu mwingine simu yake ikalia ule mlio, moyo unaruka, mikono inatoka jasho. Alafu ikaja hatua ya pili, mtu ananipigia analia na mimi ndani kwa ndani nasema huyu naye, si angehama ule mtaa kama nilivomwambia. Hiyo sauti ilikua yangu. Niliisikia nikajiogopa.

Usiku mmoja ikalia saa nane. Nikaiangalia. Nikaamka, nikafungua ndoo ya unga, nikaitumbukiza ndani, nikafunika kifuniko, nikarudi kulala. Nililala kama maiti mpaka saa mbili.

Asubuhi kulikua na simu sita, zote za mtu mmoja, kijana transjenda ambaye mwenye nyumba alimtoa nje na vitu vyake, na amelala barazani kwa watu na mvua ilinyesha. Alinisamehe siku ileile, eti "dada hata wewe ni binadamu". Mimi mpaka leo nikichota unga namkumbuka. Na kutoka ofisini nilichopata ni barua pepe ya kuuliza mbona indiketa, ile hesabu yenu ya kupimia kazi, ya simu zilizopokelewa imeshuka mwezi huo, nieleze kwa maandishi. Nikaeleza nikasema mtandao ulikua mbaya.

Wakubwa zangu, nchi hii ina Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Inasema mfanyakazi apate siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Haisemi ukiwa mwanaharakati moyo wako ni wa chuma. Lakini sisi si wafanyakazi, sisi ni mavoluntia wa stipendi, yani posho kidogo, na hilo neno dogo limetutoa kwenye likizo na bima na kila kitu huku kazi ni ileile ya ofisa, sometaimu zaidi ya ofisa. Tunatetea haki za watu chini ya mashirika ambayo yangeshtakiwa na mpishi wao kama angejua sheria. Samahani kwa hilo, lakini nimeliandika, na libaki.

Alafu ikaja Januari 2025, Marekani ikasimamisha misaada, na mnajua wenyewe huku ilivokua, meseji inaingia kwamba kazi isimame leo, si mwisho wa mwezi, leo. Dropini yetu ikafungwa. Kwa wanaosoma hii na hawajui, dropini ni nyumba tu, kuna nesi, kuna dawa, kuna kondomu na vilainishi, kuna choo ambacho hakuna mtu atakuuliza unaingia upande gani. Hayo yote mliyahesabu kwenye ripoti. Kitu kimoja hamkukihesabu ni kioo. Kulikua na kioo kirefu, cha kukuonyesha kutoka kichwa mpaka vidole vya miguu, na watu walikua wanatoka Likoni, wanatoka Mtwapa, hawaumwi na hawataki dawa, wanakuja na mfuko wa plastiki una gauni ndani au una shati na tai, wanavaa, wanasimama mbele ya kile kioo dakika kumi, wanavua, wanakunja vizuri, wanarudi nyumbani kwao kuwa watoto wa watu. Kuna mmoja alikua anakuja kila Alhamisi baada ya kibarua. Hakuwahi kujaza fomu hata moja, kwa hivo kwenye hesabu zenu hayupo.

Siku ya kutoa vitu wengine walibeba viti, wengine tanki la maji. Mimi na dada yetu mkubwa, tunamwita Shangazi, tulibeba kioo. Tuktuk ya kwanza ilikataa, ya pili akasema shilingi mia nne na kikivunjika si yeye, tukakilaza kwa magoti yetu, tunakwenda tunaona mbingu na nyaya za stima zinapita miguuni. Shangazi akasema tazama, tumempakata Mungu. Tukacheka mpaka dereva akasimamisha akidhani kuna mtu analia.

Sasa kioo kiko kwangu, kimeegemea ukuta hapa mbele yangu, na kwa sababu ya hicho kioo watu wakaanza kuja, na kwa sababu watu wanakuja ikabidi tupike. Hivo ndo ilianza. Hakukua na proposo.

Mara moja kwa mwezi, siku siisemi. Wanakuja kumi na kitu hivi. Shangazi anapiga pilau, kuna anayechanja viazi vya karai, kuna fundi wetu wa hina na piko ambaye maharusi wa mji huu wanamgombania, ijumaa anampamba bibi harusi anatunzwa na kupigiwa vigelegele, jumatatu mtoto wa shangazi wa yule yule bibi harusi anamtukana njiani. Kwetu anatuchora bure. Tunaweka taarabu, leso zinafungwa kiunoni, wale kaka zetu transjenda wanaojifanya wagumu ndo wa kwanza kukata chakacha. Na kuna sheria moja tu ya nyumba. Atakayetaja ripoti, kesi, polisi, dona, wokshopu au indiketa anatoa shilingi hamsini kwa kopo la Blue Band. Mara ya kwanza mimi peke yangu nilitoa mia tatu. Sikua najua kwamba sina kitu kingine cha kuongea, wallahi sikua najua, watu wanaongea mambo ya mpira na wanaume na bei ya nyanya na mimi nimekaa pale kama mgeni. Ilinichukua miezi mitatu kujifunza kupiga porojo upya. Hela za kopo ndo zinanunua mchele wa mwezi unaofata, na saa hii tuna shida ya mchele manake watu wamezoea hawakosei tena.

Mtasema hayo ni mambo ya starehe, si programu. Nitawajibu kwa kitu kimoja nilichokiona. Yule wa Alhamisi amekuja kwenye pilau mara nne hajasema neno la maana, anakula, anajiangalia kwa kioo, anaenda. Mara ya tano wakati wa kuosha vyombo, mimi nasugua yeye anasuuza, akaniambia kitu alichofanyiwa miaka miwili nyuma na watu anaowajua. Sasa ana wakili. Kwa ile simu ya dharura asingepiga hata siku moja, kwa fomu yenu asingejaza. Lakini naogopa hata kuwaambia hii, manake najua mtaandika "pilau kama mbinu ya kuwafikia walengwa" na mtaiwekea indiketa. Tafadhali msifanye hivo. Wale wengine wote waliokuja wakala wakacheka na hawana kesi yoyote ya kusimulia nao walistahili ile pilau.

Tuna siku mbili kwa mwaka sisi. Tarehe 20 Novemba tunawakumbuka waliouawa, ilianza Marekani 1999 baada ya Rita Hester kuuawa. Na 31 Machi, siku ya transjenda kuonekana tukiwa hai, ambayo ilianzishwa 2009 na Rachel Crandall kwa sababu aliona siku pekee tuliyo nayo ni ya matanga. Mimi nimekua natunza bajeti ndogo za hizi siku. Kwa Novemba hela inapatikana, mishumaa, ukumbi, mpaka bango. Kwa Machi naambiwa burudani hairuhusiwi. Na kweli misaada ya serikali ya Marekani ilikua na kanuni hiyo kwa maandishi, kwamba gharama za burudani hazilipwi, sasa hela yao imeenda na kanuni tumebaki nayo, hata kwa mashirika ambayo dona wake hajawahi kuikataza. Mtu akifa mna hela ya mshumaa. Akifikisha miaka thelathini hamna ya keki.

Ninachoomba si kikubwa. Simu ya dharura ishikwe kwa zamu, watu watatu ndo uchache, na anayetoka zamu alipwe siku mbili za kulala, siyo aambiwe apumzike. Kwa rejista kuwe na safu mbili, jina analotumia mtu lizunguke chumbani na jina la kitambulisho abaki nalo mtu mmoja wa fainansi kwenye faili lililofungwa, hii haina gharama, ni mstari tu kwa karatasi. Likizo iwe kwenye mkataba hata wa stipendi. Mtu wa ushauri nasaha awe wa nje, manake nani atamlilia bosi wake anayesaini posho yake? Na hela kidogo, naomba iwe hela isiyotaka picha. Mnapenda sana picha nyinyi, na sisi uso wetu ukitoka tunahama nyumba. Tuaminini kwamba tulikula. Risiti ya mchele tutaleta.

Kwa serikali hii barua si yenu leo, lakini mkipita hapa mkasoma, Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa mwenzetu fidia ya shilingi milioni moja kwa alivodhalilishwa akiwa mikononi mwa dola, na ikataka itungwe sheria ya kulinda watu transjenda, au mswada wa watu wenye jinsia mbili upanuliwe utuchukue na sisi. Sensa ya 2019 mliwahesabu hao ndugu zetu mkapata 1,524. Sisi hamjatuhesabu. Siku kitambulisho kikikaa sawa, nusu ya hii barua itakua haina kazi, na mimi nitalala.

Kuna mkurugenzi mmoja nilimwambia haya mdomoni akanijibu "lakini wewe una nguvu sana". Nilipokea kama sifa. Nilipofika nyumbani nikagundua amenikatalia.

Nawaalika pilau. Nimesema siku siiweki hapa lakini mnajua namba ya hii kabambe, mkipiga nitawaelekeza, msije zaidi ya wawili manake chumba ni kidogo, na gari liacheni barabarani. Msibebe beji wala kamera. Bebeni mchele, ule mrefu, kilo tano, Shangazi hataki ule mwingine unaoshikana. Viatu vinabaki mlangoni. Na njooni na shilingi hamsini hamsini za kutosha, nawajua, mtazihitaji.

Wenu,
mshika simu